Paipu Nyeusi Nyuma ya Choo

Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba hewa ikifinywa hukasirika. Hakusema hivyo, alisema mambo ya presha na ujazo, lakini mimi nilielewa hivyo, nikaandika hivyo kwenye mtihani, akanipa sufuri. Hiyo ndiyo elimu yote niliyokuwa nayo siku nilipomwambia baba yangu kwamba naweza kumtengenezea mashine ya hewa.

Baba ni fundi wa mbao. Naandika "ni" kwa heshima tu. Mwaka jana, asubuhi moja, aliamka akataka kuvaa shati na mkono wa kulia ukakataa. Hospitalini walisema ni kiharusi, lakini kidogo. Nikauliza kikubwa kinafananaje, mama akanifinya. Mguu ulirudi baada ya wiki chache, mdomo ukanyooka, mkono ukabaki unaning'inia kama tai ya mwanafunzi siku ya kufunga shule. Nilimwambia hivyo. Alicheka. Wakati huo bado alikuwa anacheka.

Kupima na kukata alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, mimi nikimshikia mbao nikitoka shule. Shida ilikuwa vanishi. Kazi ya baba ilijulikana kwa vile inavyong'aa mwishoni, na sasa brashi ya mkono wa kushoto ilikuwa inaacha michirizi. Mteja mmoja aliangalia meza yake akasema inakaa kama imelambwa na ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeshauwaza utani huo, nikauzuia, mteja akanipora.

Na huyu ni mtu aliyekuwa ameanza mara tatu. Alianza Kisumu Ndogo, kule Kibera, katikati ya mama wauza omena, wale samaki wadogo, na baa, mpaka barabara mpya ikapita juu ya kila kitu. Akaanza tena Silanga, kule chini karibu na bwawa, mvua ikaja ikachukua mbao za mwaka mzima. Ndipo tukahamia Kawangware, mtaa wa Kongo, kwenye ploti ya mama mmoja mzee ambaye ukoo wake ulikuwa na shamba hilo kabla ya mabati kuota. Alimpa baba kibanda kilichoegemea ukuta wa nyuma, karibu na lango, awe na karakana nyumbani.

Fundi mmoja wa kupaka magari rangi ndiye aliyemwambia kwamba bunduki ya kupulizia inataka kidole kimoja tu. Ukiwa na hewa ya kutosha, kidole kinabonyeza, hewa inafanya kazi nyingine yote. Siku hiyo baba alikula akikiangalia kidole chake cha shahada cha kushoto kama mtu anayemhoji kijana wa kazi. Kisha akasema, bila kuinua sauti, kwamba kabati la vyombo aliloagizwa na mama mmoja wa kanisani atalipiga vanishi kwa hewa.

"Likikubali, nakaa. Likikataa, narudi nyumbani."

Mama aliacha kumega ugali. Nyumbani ni kule ziwani. Tumewaona wanaume wakirudishwa hivyo. Hawarudi kulima, wanarudi kukaa. Wanawekewa kiti nje, wanasalimiwa na wapita njia, halafu wapita njia wanazoea, wanaacha kusalimia.

Basi nikasema naweza kuitengeneza. Ningekuwa nimesema naweza kuruka pia.

Mota ilitoka kwenye friji ya mama. Friji hiyo ilianguka kutoka kwa mkokoteni tulipohama Silanga, gesi yote ikaenda, ikawa kabati la unga na viatu. Lakini mama hakuwa ameizika. Kila mwezi alisema mwezi ujao ataitia gesi, auze barafu na juisi baridi. Nilipomwambia kwamba mota ya friji ikifunguliwa huvuta hewa vizuri kama mashine za hewa za dukani, alifungua mlango wa friji. Alitoa unga, akatoa viatu, akasimama kando.

"Chukua kabla sijafikiria."

Tangi lilikuwa la breki za lori, nililipata kwa wauza vyuma vikuukuu. Nililigonga huku na huku nikisikiliza kama daktari, muuzaji akaniuliza kama lina mimba. Fundi wa kuchomelea alilitia midomo mitatu: mmoja wa geji ya kusoma presha, mmoja wa kutoa hewa, na chini kabisa koki ya kumwaga maji, kwa sababu hewa ikifinywa inatoa jasho, na hilo jasho likifika kwenye vanishi linaharibu kazi. Kulikuwa pia na swichi inayojizima yenyewe tangi likijaa na kujiwasha likipungua. Hiyo swichi ndiyo niliyoipenda zaidi. Ni kitu cha kwanza nyumbani kwetu kilichojua imetosha.

Siku ya kuijaribu nilisimama nyuma ya mlango wa choo. Nilimwambia baba kwamba tangi likilipuka, angalau nitakufa mahali ambapo hakuna atakayeona tofauti. Haikulipuka. Ilibweka. Mota ya friji ikiwa ndani ya friji ni mtu mpole, ukiitoa inatukana. Mwenye ploti alitoka na lesso yake akauliza, "Kwani mmeleta kisiagi cha mahindi?" Akasema kama tunataka kuiweka, tuiweke kule mwisho, nyuma ya vyoo.

Na hapo ndipo paipu ilipoingia. Mashine nyuma ya vyoo upande mmoja wa ploti, karakana karibu na lango upande mwingine, na katikati milango sita ya wapangaji. Nilinunua paipu nyeusi ya plastiki, ile ngumu, nikaipigilia ukutani kutoka kona hadi kona, juu ya milango yote sita. Mashine nikaifunika kwa kipande cha godoro ili isibweke sana. Nilijiona injinia. Nilitembea shuleni wiki nzima nikiwa na kalamu sikioni.

Baba alianza kwa kupulizia maji kwenye ubao mbovu. Kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, mkono ukitembea sawasawa, kidole kikishika na kuachia. Siku ya nne akatia vanishi, akapiga stuli. Vanishi ilikaa kama kioo, hakuna mchirizi, hakuna tone. Aliinama akaiangalia kwa muda, halafu akamwita mama kutoka ndani.

"Njoo ujione."

Mama akaja akajiona kwenye stuli. Akarekebisha kitambaa kichwani. Nilisema sasa tutauza kioo chetu, na wote wawili wakacheka, na kama ningejua ningewaambia wacheke polepole.

Sasa lazima nieleze kuhusu maji. Kwenye ploti yetu maji huja Jumanne, au Alhamisi, au yakijisikia. Yasipokuja unanunua kwa mkokoteni. Na pale Kongo hakuna mtu amewahi kupigilia paipu nyeusi ukutani kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa maji. Kwa hivyo paipu yangu ilipopita juu ya milango sita, milango sita ilijua kwamba ile mashine ni pampu na fundi amejiletea maji yake, kimya kimya. Hakuna aliyemuuliza baba. Mgonjwa haulizwi. Waliniuliza mimi.

Wa kwanza alikuwa jirani wa mlango wa tatu, mama anayefulia watu nguo. Sabuni imempasua vidole, na bila maji siku hiyo hana kazi. Aliniita nikitoka shule.

"Kijana, hayo maji mmeletewa lini?"

Ningesema, ni hewa, mama. Maneno matatu. Lakini mimi nikiona goli liko wazi siwezi kupiga nje. Nikamwambia ni maji ya kisima cha mdosi mmoja mwenye hela, yana presha mpaka shati linatakata kabla halijaona sabuni. Akacheka. Nikaongeza kwamba bado hayajafunguliwa, ni siri, asimwambie mwenye ploti. Akacheka tena, akaapa hatasema.

Nikaona utamu. Kesho yake nikamwambia mwingine kwamba kwa sababu sisi ni watu wa ziwani, maji yetu yatakuja na omena ndani, alete sufuria moja kwa moja. Wa mlango wa tano nilimwambia yatakuwa na joto. Kila mmoja alicheka. Nilidhani tunacheka pamoja. Sikuona kwamba kila aliyecheka alikuwa ameweka jicho moja juu, kwenye paipu.

Kabati la mama wa kanisani lilimalizika kuundwa, likapigwa msasa, likapigwa vanishi mara ya kwanza. Likang'aa. Ikabaki mkono wa mwisho wa vanishi, ule wa juu kabisa, ambao baba alisema atapiga Alhamisi adhuhuri jua likiwa kali. Asubuhi hiyo nilifungua koki nikamwaga jasho la tangi, nikakagua kila kiungo. Nikamwambia baba leo asiniaibishe mbele ya mashine yangu. Akaniambia niende shule kabla hajanipaka mimi.

Ilikuwa wiki ya pili bila maji.

Niliporudi jioni, kitu cha kwanza kuona nikiingia langoni kilikuwa foleni ya mitungi. Ya manjano, mmoja wa buluu, ndoo ya rangi, hata karai. Ilitoka kando ya vyoo ikafika mlango wa tatu. Mbele kabisa yule mama wa kufua alikuwa amekaa juu ya beseni lililogeuzwa. Paipu yangu ilikuwa imetobolewa kwa msumari wa moto, kazi safi kabisa, na kwenye tundu kumefungwa hozi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hozi imeingia kwenye mdomo wa mtungi. Na mtungi unapiga mluzi.

Kama unaishi Nairobi huhitaji kuelezwa. Maji yakikaa siku nyingi bila kuja, siku yakirudi mfereji hupiga hewa kwanza. Unakohoa, unatema, unapiga mluzi, na ukisikia hivyo unakimbia kutafuta mtungi, kwa sababu maji yako njiani nyuma ya hiyo hewa. Mama wa kufua alitoboa, akasikia hewa, akafurahi, akawaita wenzake. Walikuwa wamekaa pale tangu adhuhuri.

"Leo imepiga hewa sana," aliniambia. "Lazima yanatoka mbali."

Nilicheka. Nataka niliandike hili bila kulipamba. Niliegemea ukuta nikacheka mpaka nikashika tumbo. Watu kumi na mitungi wamepanga foleni kungoja hewa. Nilikuwa tayari napanga jinsi nitakavyoisimulia darasani, nani nitamwiga sauti, nitasimamia wapi.

Halafu mluzi ukaanza kushuka. Ukawa mwembamba, ukawa pumzi, ukaisha. Mama wa kufua akainua kidole.

"Nyamazeni. Yanakuja."

Watu wote wakainama kuangalia mdomo wa mtungi. Hata mimi, aibu yangu, kwa sekunde moja niliangalia. Kisha nikanusa moshi.

Nyuma ya vyoo godoro lilikuwa linafuka. Nilipolivuta, mota ilikuwa moto kiasi kwamba mate yangu yalichemka juu yake. Nikaelewa yote kwa mara moja, na huo ulikuwa uelewa wangu wa kwanza wa fizikia bila sufuri. Tundu lilikuwa linatoa hewa, kwa hivyo tangi halikujaa. Halikujaa, kwa hivyo swichi haikujizima. Mota ya friji imezoea kufanya kazi na kupumzika, hii ilikimbia saa zote hizo chini ya godoro nililolifunika mimi mwenyewe, mpaka ikafa.

Nikakimbilia karakana. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Baba alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, bunduki iko chini kwenye unga wa msumeno, na mkono wa kushoto uko juu ya paja, anaufumba na kuufumbua. Kabati lilikuwa limeota upele. Milango yote miwili, matone na matone, mengine yameteremka kama machozi ya mtoto mchafu.

Nilitaka kumshika bega.

"Usinishike," akasema. "Huu nao umeanza."

Sikumwelewa, mpaka aliponinyooshea ule mkono wa kushoto niuone. Alikuwa katikati ya mlango wa kwanza bunduki ilipoanza kutema badala ya kupuliza. Hakufikiria hewa. Alifikiria kidole. Akabonyeza zaidi, ikatema zaidi, akahamia mlango wa pili, akabonyeza mpaka kidole kikatetemeka, na alipokiona kinatetemeka akawa na uhakika. Akaweka bunduki chini, akakaa, akangoja mguu ufuate, halafu mdomo. Hakumwita mtu. Alikaa pale saa zote hizo anangoja kufa, mita chache kutoka kwa watu waliokuwa wanangoja maji.

"Si mkono, buda. Paipu imetobolewa."

"Leo usinichekeshe."

"Si mchezo. Wallahi si mchezo."

Aliniangalia kama vile watu wanavyoniangalia, akingoja kichekesho. Ilibidi nimshike mkono wa shati nimvute mpaka nje.

Foleni ilisimama ilipomwona. Mama wa kufua akaondoka kwenye beseni lake, akafuta mikono kwenye nguo ingawa ilikuwa mikavu.

"Pole, fundi. Tulifikiri hata sisi tunaweza kuchota kidogo."

Baba akaangalia hozi, akaangalia mitungi mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho.

"Mama, hii ni hewa tu."

"Tunajua, fundi," akamjibu kwa upole kama mtu anayemfariji mgeni wa mji. "Hewa hutangulia."

Hakuna aliyecheka. Baba akauliza ni nani aliyewaambia kwamba ni maji. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia. Wote waliangalia mitungi yao, na ndivyo nilivyojua ni watu wazuri, na ningependa wangekuwa wabaya.

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nacheza tu."

"Aa," akasema baba, akarudi ndani akazima redio.

Ijumaa sikwenda shule. Nilipiga msasa milango ile miwili tangu asubuhi, nikatoa upele wote, nikafika mpaka kwenye mbao tupu, na mahali pengine nikapita mbao yenyewe kwa sababu nilikuwa nabonyeza kwa hasira. Mama alizunguka kwa wauza vyuma kutafuta mota nyingine. Alipata moja, ikawashwa, ikakohoa, ikanyamaza. Jumamosi mama wa kanisani akaja kuchukua kabati lake. Nilimpanga kwa maneno vizuri kabisa. Nilimweleza yote, paipu, msumari, mota, nikamwomba atupe wiki moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Alipitisha kiganja kwenye mlango nilioukwangua, halafu akamgeukia baba.

"Fundi, wewe pumzika kwanza. Kuna kijana kule Kibera atamalizia."

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Angemtukana, baba angemjibu, na mtu anayejibu bado yuko kazini. Lakini alimwambia apumzike, kwa sauti ile manesi hutumia kwa mgonjwa. Wanaume wawili wakalibeba kabati, baba akawaelekeza wasiligonge langoni.

Jioni hiyo mama alijaribu. Alisema kitu kimoja tu na akakirudia, kwamba mkono wa kushoto ni mzima, sasa tunajua ni mzima, na stuli si ile pale, inang'aa.

"Ndiyo hiyo inanimaliza," baba akasema. "Mkono ungekufa, ningesema Mungu amesema. Sasa mkono ni mzima. Mashine ilikuwa nzuri. Kazi ilikuwa nzuri. Na bado."

Mama akasema kosa ni la yule jirani, baba aende akaongee naye. Baba akatikisa kichwa. Akauliza utamkasirikiaje mtu mwenye kiu. Akasema hata akipata mota tano, paipu itapita tu juu ya milango ile ile, na watu ni wale wale, na maji hayaji. Akasema ameanza Kisumu Ndogo, ameanza Silanga, ameanza hapa, na nguvu ya mara ya nne hana.

Nikauliza, "Na mimi?"

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimejipanga kabisa, nimeweka hata kitabu mgongoni ndani ya sweta, mjinga mimi, kama mtoto wa darasa la pili.

"Wewe soma," akasema.

Nilimwambia nitaeleza ploti nzima, mlango kwa mlango. Nilimwambia nitazika paipu chini ya ardhi. Nilimwambia nitaacha shule nifue nguo pamoja na huyo mama mpaka mota ipatikane. Alinisikiliza kwa adabu. Ndicho kilichonitisha. Baba yangu hajawahi kunisikiliza kwa adabu, kwa kawaida nikifika sentensi ya pili ananirushia kitu.

Aliondoka Jumatatu asubuhi, kurudi ziwani. Mama alikuwa amepiga pasi shati la mikono mirefu, lile la kanisani. Tangu augue baba alikuwa akivaa mwenyewe, mlango umefungwa, hata ikichukua nusu saa, na ukibisha anakwambia hajafa. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama katikati ya nyumba, shati liko mabegani, kifua wazi, hajajaribu hata kifungo kimoja. Aliniona nikipita na begi la shule. Alinigeukia tu, akainua kidevu kidogo ili nifikie cha juu, akangoja nimfunge.